Bendera mbili kwenye cherehani yangu

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani. Mwezi uliopita mwenye nyumba ya wageni aliniletea kazi ya bendera mbili, ya Marekani na ya Uingereza. Milia 13 si kitu, lakini zile nyota 50 zilinitoa jasho.

Mmarekani aliyekuja kukunjiwa suruali aliikuta bendera yao nimeitandaza sakafuni. Akaiokota, akaikung'uta vumbi, akaiweka mezani kama anayelaza mtoto. Akasema shuleni waliitamkia kiapo kila asubuhi, mkono kifuani. (Kumbe halazimishwi mtu, Mahakama yao ya Juu iliamua hivyo tangu 1943.)

Jioni akapita Mwingereza. Bendera yao nilikuwa nimeitundika kichwa chini: ule mlia mweupe mpana hutakiwa kuwa juu, upande wa mlingoti. Nikamwomba radhi. Akacheka, akasema kwao wengi hawajui hilo. Watoto wao hawaiapii bendera. Wabunge ndio huapa, nao humwapia Mfalme, si kitambaa.

Sisi je? Bendera ikishushwa saa kumi na mbili jioni, hata muuza samaki hushuka kwenye baiskeli akasimama wima. Lakini kwenye ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, upepo wa kusi umeichana bendera mpaka ukanda wa njano unaning'inia kama ulimi. Nimejitolea mara mbili kuishona bure. Naambiwa nisubiri kibali.

Uzi wa njano ninao.

Fundi cherehani,
Mikindani, Mtwara