Mgeni wa jimu apewe kazi tatu, asiambiwe tu ajiamini

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme na wenye jimu za hapa Tanga, na walimu wenzetu wa mazoezi, na wale wanaotamani kuanza lakini wakifika mlangoni miguu inakuwa mizito. Wako wengi. Mtu analipia mwezi mzima, anakuja mara mbili, haonekani tena, na sisi tunamwita mvivu. Tunamwonea. Mtu aliyeachwa amesimama katikati ya mashine asizozijua, wenyeji wakipiga vyuma kila upande, hatafuti kitu kingine ila njia ya kutokea.

Hofu hiyo haiondoki kwa kumwambia "jiamini". Inaondoka pale anapokuwa na kazi tatu, yaani mazoezi matatu ya mashine, anazoweza kuzifanya mwenyewe bila kumuuliza mtu. Kumpa kazi hizo tatu ni wajibu wa jimu, na ufanyike siku ya kwanza.

Kwanza kabisa aulizwe habari za afya yake: presha, sukari, moyo, mgongo, magoti, ujauzito, dawa anazotumia. Aulizwe pembeni, si kaunta mbele ya watu. Anayetumia sindano ya insulini apime sukari kabla ya kuanza na awe na kitu kitamu karibu. Anayepata maumivu ya kifua au kuzimia aende hospitali kwanza, jimu itamsubiri. Baada ya hapo aonyeshwe maji yalipo, choo, mahali pa kuweka mkoba na mahali pa kuswalia kama papo. Ni mambo madogo, lakini mgeni huona haya kuyauliza.

Kisha apashe mwili dakika 5 hadi 8 kwa kutembea kwenye mashine ya kukimbilia. Asimame kwanza kwenye kingo mbili za pembeni, abane kamba ya usalama kwenye nguo, mashine iwashwe, ndipo akanyage mkanda. Kilomita 3 kwa saa dakika ya kwanza, halafu 4 hadi 5. Asiangalie miguu. Akishuka anaweza kuhisi sakafu inatembea. Aelezwe mapema kwamba ni kawaida na hupita upesi, asije akadhani ameugua. Aambiwe pia kwamba umeme ukikatika mkanda husimama, kwa hiyo mikono isiwe mbali na vishikio.

Kazi zenyewe tatu ziwe za mashine, tuache vyuma vya kunyanyua huru kwa sasa: kusukuma kwa miguu, kuvuta kebo kutoka juu, na kusukuma kwa kifua. Zinagusa karibu misuli yote mikubwa, na mashine inamwongoza njia. Makosa mengi hapa yanatokana na kiti. Kwenye ya miguu, kiti kikiwa karibu mno, magoti yanapanda kifuani, makalio yananyanyuka na kiuno kinabeba mzigo. Kisogezwe nyuma hadi magoti yakunjike kama ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha kawaida. Na akinyoosha, asiyakaze mpaka mwisho. Kwenye ya kifua, vishikio viwe usawa wa katikati ya kifua. Kiti kikiwa chini sana vishikio vinakuwa usawa wa mabega, na bega litalalamika kabla ya wiki kwisha. Kebo ya juu ivutwe mbele hadi juu ya kifua, isivutwe nyuma ya shingo, na mto wa mapaja ubane sawasawa asije akanyanyuka pamoja na uzito.

Pini ya uzito, ile inayochomekwa kwenye rundo la vyuma kuchagua uzito, tunaitaja peke yake kwa sababu ndiyo inayoaibisha watu. Isipoingia mpaka mwisho inachomoka, vyuma vinaanguka kwa kishindo, jimu nzima inageuka. Mgeni afundishwe kuisukuma hadi ikome, kisha aivute kidogo kuhakikisha. Tena asomewe namba: mashine nyingine zimeandikwa pauni, na pauni 10 ni kama kilo 4.5 tu, nyingine zina namba 1, 2, 3 ambazo si kilo wala pauni.

Uzito sahihi wa siku ya kwanza ni ule anaoweza kuusukuma mara 10 akabaki na nguvu ya mara 3 au 4 zaidi. Atoe pumzi anaposukuma, avute anaporudisha. Kuzuia pumzi kunapandisha presha ghafla, na wazee wetu wengi wanaokuja kwa ushauri wa daktari wana presha tayari. Siku ya kwanza seti 1, yaani hizo mara 10 mfululizo, kwa kila mashine, inatosha. Mara ya pili seti 2, baada ya mapumziko ya siku moja au mbili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, na kutembea kwa haraka kutoka Ngamiani hadi Raskazone kunahesabika humo. Hakuna popote panapomtaka mgeni akeshe jimu saa mbili kila siku.

Kisha aandikiwe kadi. Kadi ngumu, kalamu, basi. Kwa mfano: "Miguu: kiti tundu la 4, kilo 30, mara 10. Kebo: kiti tundu la 2, kilo 15, mara 10. Kifua: kiti tundu la 5, kilo 10, mara 10." Akija mara ya pili anatoa kadi, anakwenda moja kwa moja kwenye mashine, anapanga kiti mwenyewe, anaanza. Jimu inayokataa kadi kwa kuona ni ya kizamani haijawahi kumtazama mgeni usoni anapogundua anajua la kufanya.

Aambiwe habari ya maumivu kabla hajaondoka, la sivyo atadhani ameumia. Misuli huanza kuuma siku inayofuata, huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo ni jambo jingine: aache. Na misuli ikivimba sana, mkojo ukawa wa kahawia iliyokolea, asingoje, aende hospitali siku hiyo hiyo. Hutokea mtu mpya anapobebeshwa kazi ya mzoefu, na figo ndizo zinazoumia. Walimu wanaopenda kumtoa mgeni jasho mpaka atapike walifikirie hili, hasa miezi ya joto la Tanga, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa inapokuwa nzito na jasho halikauki.

Kuhusu vyuma huru, neno moja. "Anza na chuma kitupu" linasikika kama jambo jepesi, kumbe chuma kirefu cha kawaida peke yake ni kilo 20. Na jimu za mitaani zenye vyuma vya zege vilivyomiminwa kwenye makopo, ambazo tunaziheshimu kwa sababu zinawafikia wasio na uwezo, zipeleke kila kipande kwenye mizani ya duka la nafaka na ziandike kilo kwa rangi. Makopo mawili yanayofanana yanaweza kupishana vya kutosha kuuvuta mgongo upande mmoja.

Kina mama na dada zetu wana kizuizi cha ziada. Baibui au dera linaweza kunaswa na mkanda wa mashine. Suruali nyepesi, shati refu na hijabu fupi iliyochomekwa ndani vinasitiri na ni salama. Lakini saa za wanawake mnazoziweka, saa tatu hadi saa tano asubuhi, zinamfaa nani? Mwalimu wa shule yuko darasani, muuza vitafunio yuko kwenye meza yake. Wekeni walau jioni mbili kwa wiki. Na kupiga picha ndani kupigwe marufuku kwa tangazo linalosomeka, kwa sababu hofu ya kuonekana kwenye simu ya mtu usiyemjua inawafukuza watu kuliko bei.

Wenyeji nao waache kumkaribisha mtu kwa kumtaja kitambi chake. Salamu inatosha.

Mwisho, wenye jimu, badala ya kumlipisha mgeni mwezi mzima, muuzieni tiketi ya mara tatu yenye mwalimu, muda wowote ndani ya wiki mbili. Nawe unayetaka kuanza, nenda siku ya kazi kati ya saa nne na saa nane mchana kama nafasi inaruhusu, au Jumapili asubuhi, maana msongamano mkubwa huwa kuanzia saa kumi na moja jioni. Kabla hujatoa hela, uliza: nani atanionyesha kiti na pini, na ataandika wapi?

Walimu wa mazoezi,
Ngamiani na Chumbageni, Tanga