Kuapgredi Windows au kupiga upya kabisa? Soma hii kabla hujaleta mashine

Swali tunaloulizwa sana na wateja siku hizi ni hili: "Nataka Windows 11, mtaiweka juu ya hii niliyonayo au mtafuta kila kitu mpige upya?" Wengi wanataka jibu la neno moja hapohapo kaunta, ila jibu linategemea hali ya mashine, unaitumia kwa kazi gani na ndani kuna nini, kwa hiyo tumeona tuandike kwa kirefu ili ukija uwe tayari unajua unachotaka.

Maswali yameongezeka kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta yako haizimiki kwa ajili ya hilo, itawaka kama kawaida na programu zako zitafunguka, ila zile apdeti za usalama haziji tena kama zamani, yaani likigundulika tundu jipya ambalo wezi wa mtandaoni wanaweza kupitia, kwako litabaki wazi. Kuna mpango wa kuongezewa muda kwa watumiaji wa kawaida, unajiunga kupitia kwenye setingi pale pa apdeti, na mwisho wake umewekwa 13 Oktoba 2026, kwa hiyo ni wa kukupa nafasi ya kujipanga, sio wa kukaa nao. Kama bado uko Windows 7 (hiyo iliachwa 14 Januari 2020) au 8.1 (10 Januari 2023) na unaingilia akaunti ya benki humo humo, tunakuomba sana uache leo, hata kama mashine bado inaenda vizuri.

Sasa tofauti yenyewe. Kuapgredi ni kupandisha toleo huku mafaili, programu na setingi zako zikibaki palepale. Unawasha asubuhi unakuta picha yako ya skrini ni ileile, Word ipo, printa ipo. Windows ya zamani inawekwa pembeni kwenye folda inayoitwa Windows.old na una siku 10 za kurudi nyuma kama hujaipenda, zikipita mfumo unaifuta wenyewe na njia ya kurudi imefungwa. Kupiga upya ni kusafisha diski na kuanza na mfumo mtupu: programu zote zinaondoka, setingi zinaondoka, na mafaili yanaondoka kama hayajahamishwa.

Mashine ikiwa nzima, ina Windows 10 halali iliyofika toleo la 22H2, haina virusi, inawaka haraka na wewe huna malalamiko nayo, sisi tunakushauri uapgredi tu. Ni bure, haina usumbufu, na sio kweli kwamba kila apgredi lazima ifanye mashine kuwa nzito. Mashine ambayo tayari inasumbua ndiyo hatuishauri apgredi hata kidogo. Inaganda, inajizima na kujiwasha, matangazo yanajifungua yenyewe, antivairasi tatu zinagombana ndani, apdeti zinafeli kila mwezi. Hiyo ukiipandisha toleo unahama na matatizo yako yote kwenda nyumba mpya. Wako pia ambao hawana namna: anayetoka Windows 7 moja kwa moja kwenda 11 lazima apige upya, na aliyekuwa na Windows ya biti 32 naye hivyohivyo, hakuna njia ya kubaki na programu zake.

Kwanza angalia kama mashine yako inakubali

Windows 11 inataka RAM isiyopungua GB 4 (sisi tunasema 8 kama unataka amani), diski ya GB 64 kwenda juu, BIOS (programu inayoamsha mashine kabla ya Windows) ya kisasa ya UEFI yenye Secure Boot, kile kidude cha usalama kinaitwa TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel kwa sehemu kubwa ni kuanzia kizazi cha 8 na kwa AMD kuanzia Ryzen za 2000. Kizazi unakisoma kwenye jina la prosesa yenyewe. Bonyeza kulia kwenye This PC kisha Properties, ukiona i5-8250U ile 8 baada ya mstari ndiyo kizazi, kwa hiyo inaingia, ukiona i5-7200U hicho ni cha 7 na hakipo. i5-10210U ni cha 10, i5-1135G7 ni cha 11. Watu wengi wananunua laptopu used wakiambiwa "hii ni i7" wanafurahi, kumbe i7 ya kizazi cha 4 haingii na i3 ya kizazi cha 8 inaingia.

TPM ikisema haipo usikate tamaa haraka. Mashine nyingi zinayo ila imezimwa kwenye BIOS, kwa Intel inaandikwa PTT na kwa AMD inaandikwa fTPM, inawashwa pale na mambo yanaendelea. Kama prosesa ndiyo haikubali, zipo njia za kuzunguka ukaguzi, mtandaoni zimejaa, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata apdeti, na kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11 prosesa za zamani sana haziwaki kabisa. Kwa mashine ya ofisi au ya biashara sisi hatufanyi hiyo kazi. Bora tukuwekee Linux Mint, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, kama matumizi yako ni brauza, barua na video, hiyo na RAM ya GB 4 na SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) inakwenda vizuri na apdeti zake za usalama zinakuja.

Na kabla ya yote pima diski. Tunaanza na hilo kila mara kwa sababu mtu analalamika "Windows imechoka" kumbe diski ndiyo inakufa. Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, unaifungua inakusomea afya ya diski, ikiwa bluu ni nzima, ikiwa njano imeandika Caution ujue kuna sehemu zimeanza kuharibika na hapo hakuna maana ya kupiga Windows juu yake, kazi ya kwanza ni kuokoa data. Na kama bado unatumia haddisk ya zamani ile inayozunguka, Windows 11 humo utaichukia bure. Weka SSD. Faida nyingine kubwa ya kuweka SSD mpya ni kwamba Windows inapigwa kwenye diski mpya na ile ya zamani inatolewa ikiwa na vitu vyote kama vilivyo, hakuna kilichofutwa, ukikumbuka faili wiki ijayo unalikuta. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia salama kuliko zote za kupiga upya.

Bakapu, hapa ndipo watu wanapoumia

Kupiga Windows kwenyewe kwenye SSD ni kazi fupi. Kinachochukua muda ni kuhamisha vitu vya mtu bila kuacha kitu. Mteja akiulizwa "vitu vyako viko wapi" anajibu "viko Documents na Desktop," na ni kweli vingi viko huko, ila sio vyote.

Chukua mfano wa mtu wa duka anayetumia QuickBooks. Faili la mahesabu yake kwa kawaida halikai kwenye Documents yake, linakaa kwenye folda la Public chini ya Users, kwa hiyo fundi akibeba folda la jina lake tu miaka yote ya mahesabu inabaki nyuma na inafutwa. Programu nyingine za mauzo zinaweka data yake ndani ya folda la programu yenyewe kule Program Files au ProgramData, ambalo limefichwa hata hulioni mpaka uwashe kuona vilivyofichwa. Kwa programu za hivi usikopi mafaili kwa kubahatisha, ifungue na utumie bakapu yake yenyewe ya ndani, halafu ile bakapu ndiyo ubebe. Anayetumia Outlook aangalie mafaili yanayoishia na .pst, barua zake za zamani zinaweza kuwa humo tu na sio kwenye seva.

Paswedi za brauza nazo. Kuna mafundi wanakopi folda zima la Chrome wakidhani wamebeba na paswedi, hapana, zile zimefungwa kwa akaunti ya Windows ileile iliyozihifadhi, ukipiga upya hazifunguki. Ingia na akaunti yako ya Google uwashe usawazishaji na uhakikishe kwenye simu kwamba zinaonekana, au uzitoe kama faili, ila faili hilo linasomeka na yeyote kwa hiyo lifutwe ukishamaliza.

Halafu bakapu ifunguliwe. Chomeka hiyo diski ya nje kwenye kompyuta nyingine, fungua picha mbili tatu, fungua PDF, fungua hesabu. Kukopi kukisema asilimia 100 hakumaanishi mafaili ni mazima.

Siku yenyewe ya kazi

Unahitaji fleshi ya GB 8 au zaidi (itafutwa yote, usitumie yenye vitu) na programu ya Microsoft ya kutengenezea, inaitwa Media Creation Tool, inapakuliwa bure kwenye tovuti yao. Tafadhali usichukue Windows kutoka kwenye kundi la Telegram au fleshi ya jirani, hujui aliyeitengeneza ameweka nini ndani.

Kabla hujagusa kitu angalia kama diski imefungwa na BitLocker, yaani ile kufuli ya Windows inayoficha data mpaka upate ufunguo. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zinafungwa zenyewe bila mwenyewe kujua, siku unabadilisha kitu kwenye BIOS skrini inageuka bluu inadai ufunguo wa tarakimu 48. Tarakimu hizo zinakuwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwenye akaunti kupitia simu uzitafute mapema uandike pembeni. Na ukipiga upya toleo la 24H2 ukaingia na akaunti ya Microsoft, kuna uwezekano mkubwa diski ikafungwa tena yenyewe, kwa hiyo hiyo akaunti usiisahau, ni ufunguo wa data zako.

Sehemu ya hatari kuliko zote ni ile skrini inayouliza Windows iwekwe wapi. Unaona orodha ya mistari, Disk 0 Partition 1, Partition 2, na kuendelea, mingine ina MB 100 tu mingine ina mamia ya GB. Kama mashine ina diski mbili, mfano SSD ya GB 256 ya mfumo na haddisk ya TB 1 ya mafaili, zote zitaonekana hapo na majina hayasaidii, kinachosaidia ni ukubwa. Sisi tunaichomoa kabisa hiyo ya mafaili kabla ya kuanza, inarudishwa mwisho, maana kwenye skrini hiyo ukibonyeza kufuta hakuna kurudi. Na ukikuta orodha iko tupu, haioni diski yoyote, usidhani diski imekufa, kwenye laptopu nyingi za Intel ni draiva (programu ndogo ya kuifanya Windows itambue kifaa) ya VMD ndiyo haipo, unaipakua kwenye tovuti ya watengenezaji wa laptopu unaiweka kwenye fleshi na kuipakia pale pale.

Draiva ya wifi nayo ipakue kabla, kwa sababu Windows mpya ikiwaka haina wifi huwezi kuitafuta draiva bila intaneti, na Windows 11 inaitaka intaneti kwenye hatua za mwanzo kabisa.

Kuhusu leseni, kama Windows 10 yako ilikuwa halali huna haja ya kununua, imeshajulikana kwa mazabodi (bodi kuu) yako, ukipiga 11 ya aina ileile inajitambua ikipata intaneti. Aina ileile maana yake aliyekuwa na Home apige Home, ukipiga Pro kwa sababu umeambiwa ni bora itakudai leseni. Kreki, yaani njia za kuamsha Windows bila leseni, hatuweki. Tunaletewa mashine nyingi zenye virusi na kitu cha kwanza tunachokikuta ndani ni hivyo vijiprogramu vya kuamsha Windows, ambavyo kabla ya kufanya kazi vinakwambia uzime antivairasi, na ukishaizima umewafungulia wezi mlango.

Ukituletea mashine, njoo na chaja yake, njoo na paswedi ya kuingilia, hakikisha unaikumbuka akaunti yako ya Microsoft na namba ya simu inayopokea namba zake za uthibitisho, na utuandikie kwenye karatasi programu unazozitumia kweli, hata zile za mara moja kwa mwezi kama ya kodi au ya mishahara, na leseni zake kama unazo. Tutakaa na wewe tupitie mafaili kabla ya kufuta chochote, na bakapu utaondoka nayo wewe kwenye diski yako mwenyewe. Siku ya kuchukua usiondoke mpaka umewasha mbele yetu, umeunganisha wifi, umejaribu kamera na sauti, umefungua faili lako la mahesabu ukaona namba zako zipo.