Harambee ya Kuezeka Upya Darasa Alilotuachia Askari Wetu

Ndugu wazazi, wahitimu wa shule yetu na wana Kigoma wote mlioko mbali, walio wakubwa tunawapa shikamoo na wengine tunawasalimu. Kamati ya shule inawaandikia kwa haya, kwa kuwa ni mwaka jana tu mlituchangia madawati, na madawati yayo hayo ndiyo sasa yanayoloa. Mvua ikinyesha, watoto wa darasa la tatu hubanana kwenye pembe moja iliyo kavu, na mwalimu hufuta maji ubaoni badala ya chaki.

Darasa hilo lilijengwa kwa kujitolea mwaka 1977, wakati wa Elimu ya Msingi kwa Wote, na mabati 14 kati ya yaliyoliezeka yalinunuliwa na kijana mmoja aliyeishia darasa la nne, kuli wa bandarini aliyelipwa kwa siku kwa kupakia magunia ya dagaa na madebe ya mawese. Ukisimama kwenye dawati la tatu na kuinua macho, bado utauona mwaka huo, alioupaka kwa rangi nyekundu kwenye bati mojawapo.

Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye alikuwa mgambo. Akaitwa pamoja na wenzake, wakapanda treni hapa hapa mwisho wa reli. Barua yake ilifika moja tu, ya penseli, akiuliza kama bati la pembeni lililong'olewa na upepo limekwisha kupigiliwa. Aliuawa Machi 1979 huko Lukaya, kwenye barabara inayokatisha kinamasi kati ya Masaka na Kampala, ambako brigedi iliyojaa mgambo ilikabiliana na askari wa Amin na Walibya waliotumwa kumsaidia. Alikuwa na miaka 23. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili, mwezi mmoja baadaye. Amezikwa Kaboya, Muleba, na mama yake alifariki bila kulifikia kaburi hilo.

Tunahitaji mabati 60, mbao za kenchi na misumari ya bati; fundi, Mungu ambariki, amekubali nusu ya ujira wake. Bei ya bati dukani mnaijua. Yule kuli alitoa 14 kwa kibarua cha kutwa, nasi hatutawakumbusha wenye mishahara ya mwezi jambo hilo zaidi ya mara hii moja. Kila mchango utakatiwa stakabadhi na mweka hazina, na hesabu yote itabandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Tukutane shuleni Siku ya Mashujaa, 25 Julai, ili paa likamilike kabla ya mvua za Novemba. Bati lenye rangi nyekundu litashushwa kwa uangalifu na kukabidhiwa dada yake, ambaye amekwisha kutuambia kwamba ataliezekea banda lake la kuku, nasi hatuna neno.