Risala ya Wauguzi wa Idara ya Dharura kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wauguzi Duniani, 12 Mei

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mgeni Rasmi wetu, Mganga Mkuu wa Mkoa, Mganga Mfawidhi, viongozi wa dini, wauguzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli nyingi ukaja kutusikiliza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Huduma ya dharura bado ni changa nchini. Idara ya dharura iliyokamilika ilianza Muhimbili mwaka 2010. Baadaye fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zikajenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi, na hili letu ni mojawapo. Tunaishukuru Serikali kwa dhati. Mgonjwa aliyekuwa akisubiri kwenye benchi huku anahema, leo anakuta oksijeni na muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo.

Lakini jengo limejaa. Machela zimepangwa hadi kwenye korido, na wengi hudhani wanaotujazia ni wenye mafua na vidonda vidogo. Sivyo. Tunapanga wagonjwa kwa rangi, utaratibu uliobuniwa Afrika Kusini: mwekundu anahudumiwa papo hapo, wa chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa moja, wa kijani ndani ya saa 4. Wa kijani wanatuchosha mlangoni, ila hawachukui kitanda.

Anayechukua kitanda ni yule tuliyekwisha kumhudumia, daktari ameandika alazwe, na wodini hakuna nafasi. Mzee wa kiharusi faili lake limekamilika saa 4 asubuhi. Saa 2 usiku bado yuko kwetu. Muuguzi anamgeuza asitoke vidonda, anamlisha kwa mpira, anambadilisha nepi. Hapohapo wanaingizwa wawili wa ajali ya bodaboda, wanavuja damu, na muuguzi ni huyohuyo. Mheshimiwa, hapo ndipo tunapopoteza watu ambao tungeweza kuwaokoa, na inatuuma.

Kitanda wodini mara nyingi kipo. Aliyekilalia ameruhusiwa tangu raundi ya asubuhi, lakini anasubiri karatasi zimaliziwe kuandikwa, dawa za kwenda nazo zitoke, bili ipigwe hesabu, ndugu afike kutoka kijijini. Anaondoka saa 11 jioni, shuka zinabadilishwa wakati watu wanakabidhiana zamu, na mzee wetu anapanda wodini usiku. Jumamosi na Jumapili ni vibaya zaidi, maana wa kuruhusu wagonjwa ni wachache.

Hata Uingereza, nchi yenye uwezo mkubwa, iliweka lengo kwamba asilimia 95 ya wagonjwa wa dharura wahudumiwe na kulazwa au kuruhusiwa ndani ya saa 4, na haijalifikia tangu mwaka 2015. Kubwa linalowakwamisha ni hilihili la wodi kujaa. Kwa hiyo kupanua jengo letu peke yake hakutatusaidia. Tutapata korido ndefu zaidi.

Tunaomba raundi zianzie kwa wanaotarajiwa kuruhusiwa, na bili na dawa zao ziandaliwe tangu jana yake. Tunaomba kila zamu awepo muuguzi mmoja anayesimamia vitanda vya hospitali nzima, mwenye mamlaka ya kusema mgonjwa huyu apande sasa, na wodi ikatii. Haya hayahitaji bajeti mpya. Yanahitaji agizo la uongozi, na ndiyo sababu tumeyaleta kwako.

Kuhusu rufaa, mpango wa m-mama umeonyesha njia: mtu anapiga 115 bure, mjamzito au kichanga anatafutiwa gari, na safari inaratibiwa. Wagonjwa wengine wa dharura bado wanatufikia bila hata simu ya kutuandaa. Tunaomba vituo vya afya vielekezwe kupiga simu kwanza. Wahudumu wa kusukuma machela nao ni wachache mno, hasa usiku.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Baada ya hafla hii utatembelea wodi. Tunakuomba uulize kila wodi swali moja: walioruhusiwa asubuhi ya leo ni wangapi, na wangapi kati yao bado wako kitandani? Sisi tutakuwa tumeandika idadi ya wanaosubiri vitanda hivyo huku chini.

Tunaomba kuwasilisha.