Barua ya Wazi kwa Kamati ya Harambee ya Bweni la Wasichana

Wanangu wa kamati, nawasalimu kwa Kigogo: mbukwenyi.

Nimesikia kwamba mmekabidhiwa harambee ya bweni la wasichana wa sekondari yetu hapa Chamwino, na kwamba vikao vyenu vimetumia muda mwingi kujadili mgeni rasmi, muziki na chakula. Bweni hili nalitaka kwa moyo wote, maana binti anayekwenda shule kwa miguu alfajiri na kurudi magharibi akipita porini huwa amekwisha kuchoka kabla hajafungua daftari. Kwa hiyo naomba mnisikilize kabla kadi hazijachapishwa.

Anzeni kwa mhandisi wa halmashauri. Mwombeni makadirio ya gharama yaliyoandikwa kitu kwa kitu: saruji, nondo, mchanga, kokoto, mbao, mabati na ujira wa fundi. Mtu akiambiwa tu kwamba kuna ujenzi hutoa cha kuepuka lawama, lakini akionyeshwa kwamba msingi unangoja saruji hujipima na kusema, "Mimi niandikieni mifuko mitano." Jiwekeeni pia lengo mnaloweza kulifikia, kwa mfano kuinua boma, yaani kuta, hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kwa sababu nguvu za wananchi zikishaonekana ndipo mnapopata kauli ya kuiomba halmashauri ipaue, au kupeleka ombi kwenye Mfuko wa Jimbo, ambao sheria yake ya mwaka 2009 iliuanzisha ili kuchochea maendeleo majimboni.

Msiite watu Januari. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na wakati huo ghala ni tupu na wazazi wananunua sare. Ngojeni mtama, uwele na alizeti vitoke shambani. Wenye zabibu huvuna mara mbili kwa mwaka, hivyo waombeni ahadi itakayolipwa watakapouza.

Mama akileta debe la karanga au jogoo, andikeni jina lake, alicholeta na bei kilichonadiwa, wala msimfiche chini ya neno "wengineo". Fedha taslimu zote zitolewe stakabadhi na ziende benki, kwenye akaunti yenye watia saini watatu. Michango ya simu nayo isipitie laini ya mtu binafsi, kwani mchangiaji hulitazama jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri, na akiona la kijana asiyemfahamu hurudisha simu mfukoni.

Sasa nije kwenye ahadi, ambako ndiko harambee nyingi hufia. Siku ile hutangazwa jumla kubwa, watu wakashangilia, kumbe sehemu yake kubwa ni maneno. Nawasihi mtangaze taslimu peke yake na ahadi peke yake. Kila ahadi iandikwe pamoja na namba ya simu, tarehe ya kulipa na jina la mjumbe mmoja atakayeifuatilia, naye aende mapema, kumbukumbu ikiwa bado mbichi, tena aende kwa miguu yake badala ya kutuma ujumbe. Aliyefiwa au aliyepoteza ng'ombe mwongezeeni muda kwa heshima. Msithubutu kumtaja mdaiwa kwenye kipaza sauti wala kwenye kundi la WhatsApp, kwa kuwa mtu aliyeaibishwa hatalipa na ndugu zake hawatachanga tena.

Tisheti za kamati ziacheni. Chakula kipikwe kwa kiasi, na gharama yake isomwe hadharani.

Mkishaanza kujenga, bandikeni mapato na matumizi kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, yakiwemo yale yasiyopendeza, kama nondo zilizopanda bei baada ya makadirio. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Kila unapokaa, mweka hazina asimame na daftari lake, stakabadhi na taarifa ya benki, asome hadi senti ya mwisho, wala asiketi kabla ya kujibu kila swali, hata la yule aliyetoa shilingi mia tano.

Mimi mzee wenu,
Chamwino, Dodoma