Beth naye alifiwa

Mwanangu,

Ile filamu uliyonisumbua niitazame, Ordinary People ya Robert Redford, nimeimaliza jana usiku. Unasema Beth ni mama katili. Hapo umeonewa na filamu yenyewe.

Nyumba yao kule Lake Forest, karibu na Chicago, haikosi kitu ila Buck, mtoto mkubwa aliyekufa maji mashua ilipopinduka. Mdogo wake Conrad alinusurika, akaja kujaribu kujiua, na sasa katoka hospitali hana hamu ya kula. Asubuhi ile mama kamwekea slesi za mkate zilizochovywa kwenye yai. Mtoto anasema hana njaa, na palepale sahani inanyakuliwa, chakula chote kinasukumiwa kwenye tundu la sinki. Hafoki hata kidogo. Mary Tyler Moore, mwigizaji wa Beth, ambaye Wamarekani walimzoea kwenye vichekesho vya televisheni, ilimtosha mikono tu kuninyima raha.

Lakini tazama mgao ulivyo. Conrad kapata Dokta Berger, daktari wa akili, wa kumsikiliza mpaka alie. Baba yake, Calvin, naye kaenda kwa huyohuyo. Beth aliombwa akakataa, najua, ila aliyemkatalisha ni mwandishi. Tunamwona kidogo tu kaketi chumbani kwa Buck, Conrad anamshtua, basi.

Halafu Calvin anamlaumu kwamba siku ya kumzika mtoto alishughulikia shati la kuvaa mumewe! Bibi yako alipomzika mjomba wako, kutwa aligombana na watu juu ya masufuria ya kukodi. Mfuniko mmoja haukuonekana, akauzunguka uwanja mzima akiuulizia. Hakuna aliyesema hana uchungu. Watu walimtafutia mfuniko.

Na lile fundo la Conrad kufunguka usiku mmoja mbele ya daktari, mimi halikuniingia akilini. Oscar walizitoa 4, ikiwemo ya filamu bora, na Timothy Hutton, aliyeigiza Conrad, akapata yake ana miaka 20. Donald Sutherland, yule baba, hakuteuliwa hata kuwania. Huo nao uonevu, tuuache.

Rudia pale Calvin anapong'ang'ania kuwapiga picha Beth na Conrad, mama anaidai kamera hadi mtoto analipuka. Mwangalie Beth peke yake, usimtazame Conrad. Kisha nipigie Jumapili tubishane, ila baada ya saa kumi, mchana nina wageni.

Mama yako