Barua kwa wanangu mnaoanza nadharia ya michezo

Wanangu wa mwaka wa pili, shahada ya uchumi,

Nawasalimu. Nimelifundisha somo hili, la namna watu wanavyoamua pale matokeo ya kila mmoja yanapotegemea pia uamuzi wa wenzake, mpaka nikastaafu, na bado nasikia linavyowatisha. Mnatajiwa waasisi wake, von Neumann na Morgenstern, na kile kitabu chao kinene cha 1944, mnaona herufi za Kigiriki kwenye madesa ya kaka zenu, basi mnaamini kwamba asiye mkali wa hesabu sapu, yaani mtihani wa marudio, inamsubiri. Si kweli. Hesabu ya wiki za mwanzo ni kutazama namba mbili na kusema ipi kubwa. Kinachowaangusha wengi ni kutokaa kwenye nafasi ya kila mchezaji, mmoja baada ya mwingine, na hilo hakuna desa litakalokufanyia.

Chukueni wavuvi wawili wa sangara Ziwa Victoria. Kila mmoja anachagua wavu halali au wavu wa macho madogo. Wote wakitumia halali, kila mmoja anapata malipo ya 6. Mmoja akitumia wa macho madogo peke yake, anapata 8 na mwenzake 2. Wote wakitumia wa macho madogo, wanapata 3 kila mmoja. Chora jedwali kwa mkono wako: mistari ni uamuzi wako, safu ni uamuzi wa mwenzako. Funika kwa kiganja safu ya wavu mdogo. Umebakiwa na 6 na 8 zako. Pigia mstari 8. Hamisha kiganja. Sasa ni 2 na 3. Pigia mstari 3. Kisha uwe mvuvi wa pili, ufanye vilevile. Kisanduku ambacho namba zote mbili zimepigiwa mstari ndicho msawazo wa Nash: hakuna atakayefaidika akibadili uamuzi wake peke yake. Na mkiulizwa msawazo ni upi, msiandike "3 na 3". Hayo ni malipo. Msawazo ni mikakati yenyewe, yaani wote wanatumia wavu mdogo. Nimesahihisha karatasi nyingi mno za watoto wenye akili waliopoteza alama hapo.

Mchezo huu ndio ule wa wafungwa wawili, ambapo kila mmoja anachagua kunyamaza au kumsaliti mwenzake. Flood na Dresher waliujaribu mwaka 1950 katika taasisi ya RAND, Marekani, na Albert Tucker ndiye aliyeuvika hadithi ya wafungwa mwaka huohuo. Mtakutana nao kila mahali, sitawachosha nao hapa.

Pa kukaa muda mrefu ni kwenye mkakati. Mkakati ni mpango kamili, unaosema utafanya nini katika kila hali inayoweza kukufikia, hata ile unayodhani haitatokea. Kampuni inayoona kwanza bei ya mshindani, juu au chini, ndipo ichague ya kwake juu au chini, ina mikakati 4. Wengi wenu mtaandika 2. Orodhesheni yote 4 kwenye karatasi kabla ya kuendelea, maana msipoelewa hapa, yanayofuata yote yatakuwa kukariri tu.

Na faida yake mtaiona upesi. Kampuni kongwe ya maji ya chupa inatangaza: yeyote akiingia sokoni, nitashusha bei mpaka wote tule hasara. Mgeni akiamini, anabaki nje, na kwenye jedwali huo nao ni msawazo. Lakini chora mti wa mchezo, yaani matawi yanayoonyesha nani anaamua nini na kwa zamu ipi, kisha uanzie mwisho: mgeni akishaingia kweli, je, kongwe itakubali kula hasara wakati inaweza kugawana soko? Haitakubali. Tishio lile ni maneno matupu. Reinhard Selten alilionyesha jambo hili mwaka 1965, na mwaka 1994 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Nash na Harsanyi. Kwangu mimi hii ndiyo mada nzuri kuliko zote za muhula, kwa sababu inamfundisha kijana kupima ahadi na vitisho vya wakubwa.

Jambo moja linanikera. Kuna wanaomaliza kozi wakiamini wavuvi wale wawili hawana njia ila kumaliza samaki. Elinor Ostrom, Nobel ya 2009, alikusanya mifano ya jamii zilizotunza misitu, maji na mialo ya kuvulia kwa sheria walizojiwekea wenyewe. Wavuvi wa mwalo mmoja hawakutani siku moja tu. Wanaonana kesho na keshokutwa. Tuseme kila mmoja anaahidi kutumia wavu halali mpaka atakapomwona mwenzake amekiuka, na baada ya hapo ni wavu mdogo siku zote. Anayekiuka anapata 8 leo na 3 kila siku inayofuata. Anayetimiza anapata 6 kila siku. Kama shilingi ya kesho ina thamani ya angalau 0.4 ya shilingi ya leo machoni pao, ahadi inashika. Hiyo 0.4 itafuteni wenyewe kabla ya seminari, kwa kalamu, bila kutazama kwa jirani.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu